Kifungo cha Dakika Mbili

Fundi wangu Kasiano,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila shikamoo utasema umeniacha miezi minane tu na nimeshaharibika.

Studio ipo. Pazia la bluu nimelifua, kiti kilichokuwa kinayumba nimekipigilia msumari. Harusi na vipaimara siku hizi watu wanapigana picha wenyewe kwa simu. Wanaokuja ni wa pasipoti, na wazee wanaotaka picha ya kuachia watoto. Baridi ya mwaka huu imekaza kwelikweli. Juzi upepo uling'oa ubao wetu wa nje, nikaukimbiza mpaka kwa muuza mbolea, watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya ubao. Nakuandikia kwa ajili ya koti.

Lile koti jeusi la kuazima wateja, ambalo kifungo chake cha kati kilipotea ukashona cha kahawia, ukasema kamera haina muda wa kuangalia vifungo. Nusu ya Sumbawanga imepigwa picha ndani ya koti lile, katekista wetu akiwemo. Na kila uliyemvisha ulimfunga kwa mkono wako mwenyewe, ukamwambia: "Kifungo cha dakika mbili tu, halafu uko huru." Nilicheka siku ya kwanza na nilicheka siku ya mia, kwa sababu wewe ulikuwa unaanza kucheka kabla hujamaliza kusema.

Wiki tatu zilizopita aliingia askari wa kike, mpole tu, akapanga mezani fomu tano za safari zenye picha. Vijana watano, koti moja, kifungo kimoja cha kahawia. Hakuniuliza kama koti ni letu. Aliuliza nani alikuwa akiwaleta.

Nikamwambia: Madam. Jina lake jingine hatukuwahi kulijua. Aliwanunulia vijana wake soda, na sisi akatununulia. Alisema anawavusha mpaka pale Kasesya, kuna ndugu yake ng'ambo ana maduka, anatafuta wauzaji waaminifu. Tulimwona mtu wa maana. Mimi nilikuwa naomba moyoni siku moja aniambie twende.

Maduka hayakuwapo, Fundi. Walipelekwa shambani, mbali na mpaka, mwenye shamba akawanyang'anya karatasi zao, wakalimishwa tumbaku bila malipo, jioni wanafungiwa kwa kufuli. Aliyechoka alipigwa. Mmoja wao, Oswadi wa kule Mollo, alitoroka baada ya mwaka na nusu, na yeye ndiye aliyesema. Askari anaiita usafirishaji haramu wa binadamu. Nadhani ndivyo inavyoandikwa kwenye majalada.

Nilikwenda Mollo kumwona. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapura ulezi na mama yake. Nilipomsalimu aliweka mikono nyuma na kutazama chini. Mama yake alinivuta pembeni akaniambia mwanawe anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Kwao! Na kazi haachi mpaka aambiwe basi, hata mikono ikitoka damu. Shuleni tulichora watumwa wenye minyororo shingoni, nikapata alama zote, nikajua mambo hayo yaliisha zamani. Kumbe mtumwa nilimwona kwa macho yangu akianza safari, na nilimchania nywele. Hakukuwa na mnyororo wowote. Kulikuwa na soda baridi na picha nne za pasipoti. Ulimwambia dakika mbili, Fundi.

Madam amekamatwa. Anasema wote walikuwa watu wazima na walikwenda kwa hiari yao. Fomu ya Oswadi inasema ana miaka kumi na tisa, na ukiangalia picha unakubali, maana koti lile linamzeesha mtu. Askari akaniuliza kama tuna kitu kingine chochote cha siku ile.

Nikakumbuka picha ya kupimia mwanga. Wewe na sheria zako: kabla ya picha yenyewe, moja ya kupimia mwanga, na picha ya mtu haifutwi hata ikiharibika. Nimekulalamikia mara ngapi kwamba unajaza kompyuta! Nilitafuta siku mbili, sura baada ya sura, nikaikuta. Oswadi amekaa, koti liko nusu, na ndani yake linaonekana sweta la kijani la shule, nembo na kila kitu. Alikuwa kidato cha pili. Mbele yake kuna mikono miwili inamfunga kifungo cha kahawia, na kwenye kidole gumba kuna lile kovu lako la mkasi.

Nilizima kompyuta nikakaa chini. Nilikukasirikia sana. Uliliona sweta! Mtoto wa shule, na ukamvisha utu uzima kama unamvisha bwana harusi. Nilikasirika hadi nikakumbuka kwamba mikono yako ikiwa kwenye kifungo, kamera ilikuwa kwangu. Mimi ndiye niliyebonyeza. Niliona nembo ikipotea ndani ya koti, nikawaza, sasa amependeza.

Mkeo, Mama Anyesi, nilimwambia kabla sijakwenda popote. Alilia. Akasema, "Mwanangu, baba yako kalala. Usimwamshe kwa aibu." Nikarudi studio nimeshaamua kuifuta. Nakwambia kweli, mkono ulikuwa tayari. Siku ile niliitambua kwa sura tu, jina la faili sikulisoma. Sasa nikalisoma. Picha zako zote zina namba. Hii uliiandika kwa herufi kubwa: OSWADI WA MOLLO. USIFUTE.

Kumbe ulijua. Mama yake Oswadi alipokuja kuulizia kama tumesikia lolote, kesho yake ulilifungia koti sandukuni ukasema lina nondo. Na ule utani wako wa kifungo sikuusikia tena, nikadhani ni ugonjwa. Ulikaa na jambo hili miezi yako yote ya mwisho. Hukuniambia. Hukwenda kituoni. Uliogopa, nami ningeogopa, lakini yule mtoto alikuwa bado analima wakati wewe na mimi tunakunywa chai. Nimekusamehe kidogo, kiasi nilichoweza. Kilichobaki bado nakifanyia kazi.

Nilimwita Mama Anyesi aje asome mwenyewe. Alisoma polepole, kidole kwenye kioo. Akatoka, akarudi na ufunguo wa sanduku.

Jana tulipeleka picha na koti kituoni, yeye na mimi. Nitaitwa mahakamani. Koti jingine sitaweka, Fundi. Mtu atapigwa picha na nguo aliyokuja nayo, na nitamuuliza anakwenda wapi, kwa nani, ana miaka mingapi. Akikasirika, studio ziko nyingi mjini.

Oswadi nimemwambia aje nimpige picha nyingine, ya bure, na safari hii acheke meno yote nje. Akanijibu kwamba atauliza kama inaruhusiwa.

Basi pumzika. Jumapili tutakuja na Mama Anyesi kupalilia kaburi, maana majani yameanza kukuzidi. Na hili nakuahidi: hakimu akiuliza mikono ile ni ya nani, nitasema ni ya fundi wangu, aliyenifundisha kazi na kunikataza kufuta picha ya mtu. Akiuliza ni nani aliyebonyeza, nitasema ni mimi.

Mwanao wa kazi,
Gaude