Nusu Saa ya Kimya ya Binti Yetu

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi huko uliko. Hujambo? Lile goti limeachia, au bado unapanda ngazi kwa maombolezo? Na shemeji, kikohozi kimekwisha? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mume wangu ananenepa tu, utadhani anafugwa.

Mimi mwili hauumwi, ila moyo hautulii. Barua hii nimeianza mara tatu. Naandika, nainuka, nachungulia nje, narudi.

Sababu ni mwanao mkubwa, huyu binti yangu. Unajua anaongea na masista tangu mwaka jana, na mwisho wa mwezi huu anatakiwa awajibu kama ataingia nyumba yao ya malezi au la. Sijisifu, lakini niambie, mtaa huu mzima nani mwingine ana binti anayesoma damu kwenye darubini hospitalini, na watawa nao wanamtaka? Mwenzio nimezaa!

Kinachomkwamisha ni kukaa kimya. Sista mlezi, anayewaongoza wasichana wanaofikiria utawa, alimwambia kila jioni akae nusu saa mbele za Mungu bila kitabu, bila rozari, bila wimbo. Kukaa tu. Mtoto anayeinamia darubini asubuhi hadi mchana, hapo dakika ya nne tu anaanza kujikuna. Anatoka chumbani uso umemshuka: "Mama, kichwa changu soko. Labda siitwi."

Hilo neno lilinikata maini. Katika kumsaidia ndipo nikaharibu.

Nililinda mlango. Wateja wakija kupima nguo, naweka kidole mdomoni: "Shii! Mwanangu anaongea na Mungu." Basi jirani yetu muuza maziwa akaniletea kikaratasi, mpwa wake ana mtihani, akumbukwe. Kesho yake wakaja watatu na vyao. Vyote navipitisha chini ya mlango, nikijua namwongezea nguvu. Tena nikamshonea gauni la kijivu lenye kola nyeupe, kama yale wanayovaa wasichana wa malezi, nikamtundikia humo humo chumbani. Nililikadiria kwa macho tu, na halikupwaya hata kidogo!

Wiki iliyopita akatoka kabla ya wakati, vikaratasi mkononi, gauni begani. Hakupandisha sauti.

"Mama, humu ndani mmejaa. Mungu akae wapi?"

"Mimi si ndiye ninayekufukuzia watu?"

"Wewe ndiye umati wenyewe, mama."

Baba yake alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Nilinuna siku mbili.

Binti akarudi kwa sista akamweleza yote, pamoja na habari za mama yake. Sista akamwambia aache kupigana na mawazo. Akigundua kichwa kimetoka, arudi polepole kwa neno moja fupi, hata mara mia, kwani kule kurudi nako ni kusali. Aanze na dakika kumi, aongeze kidogo kidogo. Neno lake alilochagua ni "Nipo". Kisha akaja kuniomba nikae naye. Si mlangoni, ndani.

Alhamisi nikaingia. Mdogo wangu, ile ni kazi! Mguu unakanyaga pedali ambayo haipo. Nikashona pindo la sare kichwani, nikapika, nikagombana na muuza vitambaa. Kila nikikumbuka, nasema "nipo", naondoka tena. Halafu kelele zikapungua, nikajikuta na kitu nilichokuwa nakikimbia: huyu akienda, nitabaki na nani wa kunitania? Nimetangaza mwana mtawa kila kona, na sikuwahi kukaa nikajiuliza kama naweza kumtoa. Machozi yakanitoka. Akanishika mkono, bila kufumbua macho, halafu akauachia, akaendelea na sala yake.

Tulikusudia kumi, tukajikuta tumefika dakika ishirini na tano. Tulipotoka nikashindwa kujizuia: "Haya, unaitwa?"

"Sijui bado, mama. Lakini leo sikukimbia."

Sasa ombi langu. Nilipokupigia simu mwezi wa sita nilikuambia mambo yamekwisha, anaingia utawani, nawe ukawatangazia wanakwaya wenzako. Tafadhali waambie dada yako aliwahi mno. Usimtumie mtoto pongezi, wala usimwulize. Akisema ndiyo, nitalia. Akisema hapana, nitaona haya mbele ya mtaa mzima. Nakuambia wewe tu: naogopa yote mawili. Hata hivyo jana nimeingia tena kukaa naye, na leo jioni nitaingia.

Nisalimie shemeji, na wanangu wote wawili, mrefu na mcheshi. Baba yao mkubwa anawasalimu. Mungu akulaze salama, akuamshe na nguvu, na goti lako aliguse kwa mkono wake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.