Ukanda Ulioachia Kiunoni

2 Machi

Shikamoo Mjomba,

Tak! Mlio ule haujanitoka masikioni tangu niondoke karakanani. Mimi mzima, mama mzima, na mgongo wako naomba uwe umepoa. Ila moyo wangu haujapoa.

Ukanda wa plastiki wa kupamba ukingo wa gitaa uliachia mikononi mwa Miwani, mteja wetu, palepale kiunoni mwa gitaa. Nawe, bila hata kulitazama gitaa, ukamwambia, "Ndiyo kazi ya wasomi hiyo. Gundi kaisomea vitabuni." Mafundi wakacheka. Miwani naye akacheka.

Mjomba, lile gitaa si bapa. Limechongwa likabonyea ili likae vizuri mwilini, kwa hiyo ukingo wake unapinda huku unashuka, na plastiki haipendi kupindishwa mara mbili. Niliupasha ukanda kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ukalegea, nikaulaza kwenye mfereji wake, nikaubana kwa tepu ya karatasi kila upana wa kidole. Nikasema usiguswe mpaka kesho. Asubuhi nikakuta tepu zangu zimebana gitaa lako jingine, na kabla sijauliza, Miwani akaingia.

Unajua aliyezibandua. Nataka umwambie.

Mpwa wako

10 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika, lakini haukufikii wewe.

Haya, ni mimi. Tepu ilikuwa bado nzima, ningeiacha ikae tu? Mimi tepu moja hubana magitaa matatu. Nilibonyeza kwa kidole nikaona imeshika. Lakini mwanangu, nikamwambie mteja kwamba fundi mkuu kabandua tepu gundi ikiwa mbichi? Wewe bado kijana, lawama itakupitia kama manyunyu. Gitaa kalichukua hivyohivyo, kanuna.

Yaliyopita si ndwele. Rudi, meza yako haijaguswa.

Mjomba wako

29 Machi

Shikamoo Mjomba,

Pole na mgongo. Sisi huku wazima.

"Yaliyopita si ndwele" ni maneno ya aliyeumiza. Ndwele ninayo mimi. Miaka yote uliyonifundisha hukuwahi kunicheka, ndiyo maana kicheko kile kilinichoma. Faraghani kosa ni lako, mbele ya watu ni langu!

Nilimfuata Miwani kwake. Akafungua mlango nusu. "Umekuja kumalizia kulibomoa?" Nikamwomba gitaa, nikalileta nyumbani. Nikabandua ukanda, nikakwangua gundi ya zamani, nikaupasha upya na kuubana, juu ya meza ya mama. Tepu sikuzigusa mpaka kesho yake, mama akawa anakula kapakata sahani, ananitazama tu. Nilipozibandua nilitega sikio. Kimya.

Nilipomrudishia, Miwani alipitisha ukucha ukingo mzima. "Sasa mara ya kwanza ilikuwaje?"

Nikamwambia. Nani, na kwa nini. Hakucheka.

Ufunguo wa karakana umo kwenye kifurushi hiki, pamoja na tepu mpya, haijafunguliwa. Meza yangu mpe mwingine. Miwani ameagiza gitaa la pili, na mbao zake nimeshazikata hapahapa kwa mama.

Mpwa wako, fundi