Mshipa Umevimba Tena

Mjukuu wangu Neema,

Amahoro, amani iwe kwako huko Dodoma. Shangazi yako amejifungua salama. Mimi situlii, nakaa, nainuka, natoka uani. Mshipa mkubwa wa tumboni umevimba tena, karibu na pale waliponishona zamani. Safari hii daktari hanipasui tumbo: atapitisha mrija pajani, aweke bomba laini ndani ya mshipa. Unauliza kwa nini niogope, wakati nilishapona makubwa.

Nilipokuwa msichana tulikimbilia huku, tukavuka mto Malagarasi kwa mtumbwi. Baadaye tulirudi kumchukua bibi yangu. Maji yalikuwa yametulia, lakini mama alitetemeka kuliko mara ya kwanza.

"Mama, si ulishavuka?"

"Ndiyo maana, mwanangu. Sasa naujua huu mto."

Akapanda hivyohivyo, akitetemeka.

Jumatatu nakwenda Mwanza. Naogopa, na daktari nimemwambia ndiyo. Ukipata ruhusa kazini, njoo.

Bibi yako, Titye