Nyumba Nzima ya Kina Ciza

Amahoro, Baba.

Huku Kashojwa, kwetu wakimbizi, mahindi yameshika, Mama anatembea bila fimbo, na wewe siku hizi unasomwa. Usicheke. Zile habari ulizotusimulia tukichambua maharage nimeziweka kwenye tovuti yangu, na namba yangu ya simu chini: kilima chetu, babu, hata Yamwezi, yule ng'ombe aliyekataa kukamuliwa na mwanamume.

Niliitengenezea Mbarara, kwa Mama Patience, mke wa askari mwenye kiduka cha kompyuta karibu na kambi ya jeshi. Tovuti ilidai jina la familia, na sisi Warundi unatujua, kila mtoto na jina lake. Mama Patience akachoka kunisubiri.

"Weka moja tu, mashini inakataa."

Nikaweka lako. Niliona nakuheshimu. Babu akawa Ciza, bibi akawa Ciza, na mapacha waliokutangulia, Bukuru na Butoyi, nao wakawa Ciza.

Baba, tulichekwa. Ciza ni mtoto anayefuata mapacha, nani hapa asiyejua? Katekista alinisimamisha baada ya misa kuniuliza ni nyumba gani hii ambamo mapacha wamejifuata wenyewe.

Nilikuwa nikipalilia, najipanga kwenda kusahihisha, simu ikalia. Mwanamke mzee, amekasirika, hata salamu hakunipa.

"Mimi siko Ciza. Niko Butoyi. Ciza ni ule mutoto nilikuwa nabeba ku mugongo."

Nilikaa chini palepale shambani.

Ulizoea kusema mapacha walipotelea njiani mlipokimbia, kisha unaomba chai, nasi tunajua tusiulize zaidi. Bukuru alifariki kweli. Lakini shangazi yuko Ruharo, mtaa wa hapo Mbarara, kwa mjukuu wake, ndiye aliyemsomea ukurasa wetu kwenye simu. Aliposikia Yamwezi anatajwa, alimwambia arudie.

Nilikwenda. Alinishika masikio, akasema ni yako. Ukurasa ulishamwambia kwamba umefariki, ila alitaka kusikia kwa mdomo wangu. Nikamwambia.

"Nilimutangulia kuja, yeye amenitangulia kwenda. Hakuomba hata ruhusa."

Tukalia, halafu tukala. Inaniuma, Baba, kwamba ulikuwa ukipita Mbarara na dada yako yuko palepale. Inaniuma, lakini nina furaha, nikisema vingine nitakuwa nakudanganya.

Tovuti imenyooka sasa. Penye jina la familia Mama Patience aliweka nukta, mashini ikakubali bila neno. Kila mtu ana jina lake. Mbele ya Butoyi nimeandika: yu hai.

Pumzika, Baba yangu. Jumapili namleta kaburini kwako. Amesema atakugombeza kwanza, sala baadaye, na mimi nakuahidi sitamzuia.

Binti yako,
Inamahoro