Kwa Musyimi, Aliyekataa Kutupa Peni Zake

Umetimia mwaka mmoja sasa tangu ulipolala, Baba Yvonne, na watu bado wanakuja hapa Matiliku kukutafuta. Juzi alifika mama mmoja kutoka Kabati na sarafu ya peni kwenye kona ya leso, ameifunga mafundo matatu. Nilipomwambia hauko, alilia kabla hata sijampa kiti. Eti ulikuwa umemwahidi kuitazama.

Ulikuwa fundi wa baiskeli, na fundi kweli, lakini moyo wako ulikuwa kwa zile sarafu kuukuu za shaba za Waingereza. Peni, nusu peni, na ile moja ya Mfalme George, nene kama biskuti. Ulizipima kwa mizani, ukazigeuza chini ya kioo cha kukuzia, ukausoma mwaka kwa sauti hata kama uko peke yako. Watu walikuwa wameshadanganywa na mabroka kwamba peni moja hununua shamba. Wewe uliwapa chai kwanza, ukangoja kikombe kiishe, ndipo ukasema ukweli: "Hii ni mia tatu, mama. Na mtu akikuitisha pesa ndiyo akutafutie mnunuzi, mkimbie." Hukuwahi kuchukua hata shilingi yao.

Na ole wake aliyeosha sarafu! Mimi najua. Siku ile nilisugua sita kwa majivu na ndimu kwa sababu wageni walikuwa wanakuja, zikang'aa mpaka nikajipongeza. Siku mbili hukugusa ugali wangu. "Umezichuna ngozi, Kasyoki," ulisema. "Sarafu ikisuguliwa, bei yake imekwisha." Mimi nami nikanuna, maana sikuwa nimewahi kuona mwanamume anayelilia uchafu.

Lakini leo nataka niseme ya kanisani, kwa sababu wengine wanaisimulia vibaya. Mzee Mulinge (atanisamehe, alishaomba radhi) alileta baiskeli yake, akaona peni mezani, na picha iliyochorwa upande mmoja: mwanamke ameketi, ameshika mkuki wa meno matatu. Hakungoja hata baiskeli. Kufikia Jumapili kanisa zima lilijua kwamba Musyimi anafuga jini la baharini. Wazee wa kanisa wakakuita, wakakuambia uzitupe kwa choo. Ukasimama, ukavaa kofia, ukatoka. Hasira zako hizo! Wakakutenga. Miezi saba hukukaribia Meza ya Bwana, ukawa unakaa benchi la mwisho kabisa.

Kisha Yvonne wetu akaposwa na Gathua, kijana mwema kutoka Kerugoya. Wazee wakasema aliyetengwa hawezi kumpeleka bintiye madhabahuni. Ama uzitupe, ama mjomba wake amshike mkono. Yvonne alilia, akasema afadhali harusi isiwepo. Mimi nilikupigia magoti, sifichi. "Zitupe, Baba Yvonne. Ni vyuma tu."

Ulinitazama, ukasema, "Nikizitupa nimekubali kwamba nilikuwa na jini. Unataka mtoto apelekwe na mchawi?"

Zikiwa zimebaki wiki tatu, uliomba kikao. Uliweka peni zako mezani mbele ya wazee wote. "Niko tayari kuzitupa," ulisema, na mimi nikashtuka. "Lakini tuzitupe zote pamoja, na za hapa kanisani."

"Za hapa?" aliuliza Mchungaji. Alikuwa mgeni, hata mwaka hajamaliza kwetu.

Ukaomba ufunguo wa kabati la ofisi. Ukatoa mkebe wa kakao ulioshika kutu, ukaumwaga. Peni kumi na nne! Wanawake kumi na wanne, wameketi na mikuki yao! Zilikuwa sadaka ya watoto wa shule ya Jumapili huko Uingereza, waliyotuma kanisa hili likijengwa. Mchungaji wa zamani alikuwa amekuletea uzitazame, kisha akazirudisha kabatini.

Ngai fafa, Mungu wangu! Mzee Mulinge alianza kutafuta kofia yake, na iko kichwani. Mwishowe Mchungaji akauliza polepole, "Na hizi, Mzee, zina bei?"

"Kama elfu tatu hivi, zote. Msizioshe tu."

Walikurudisha siku hiyo hiyo, kwa maombi na kushikana mikono. Njiani nilikuuliza kwa nini hukusema mapema. "Hawakuniuliza," ulijibu. "Walinihukumu."

Mungu alikubakishia miezi minne tu baada ya harusi. Inauma, na itauma. Lakini siku yako uliipata, Baba Yvonne, na hakuna wa kutunyang'anya hiyo. Uliingia kwa mlango mkubwa na suti ya kijivu, Yvonne mkononi, ukatembea taratibu mpaka kwaya ikarudia wimbo. Mchungaji alipouliza nani anamtoa binti huyu, hukungoja amalize.

"Mimi! Musyimi, baba yake!"

Watoto wachanga waliamka. Wakwe wakacheka, akina mama wakapiga vigelegele, na wewe hukuuachilia mkono wake mpaka Gathua alipokuomba mara ya pili.

Unakumbukwa na mkeo Kasyoki, binti yako Yvonne na mumewe Gathua, mwanao Ndeti, dada yako Mbula wa Kabati, wajukuu, na kanisa lako lote.

Tutakukumbuka siku zetu zote.