Zamu Nilizomsainia Nekesa

Jumanne jioni

Eti Nekesa ndiye meneja mpya wa redio ya chuo. Nekesa! Mimi ndiye niliyemfundisha kutumia mitambo, nikakaa naye studio mpaka akaacha kutetemeka mbele ya maikrofoni.

Hapa hakuna anayelipwa, kwa hivyo vyeo hutolewa kwa kuangalia daftari la zamu. Muhula mzima amekuwa akinipigia simu: "Dada, nishikie leo, niko nyumbani Chekalini, mama ni mgonjwa." Nami nasoma salamu za wasikilizaji wa Khayega saa zake, kisha nasaini jina lake ili asinyang'anywe kipindi. Zamu zangu mwenyewe nimekosa kadhaa kwa uchovu. Mjinga mimi.

Leo mwalimu mlezi wetu alifungua daftari mbele ya wote akamsifu kwamba hajakosa hata siku moja. Nikamtazama Nekesa, nikingoja aseme neno. Akatabasamu tu.

Baadaye akanifuata mlangoni. "Dada, kipindi chako cha asubuhi nimempa mtu mwingine. Wewe unakosanga sana, hata daftari inaonyesha."

Ningesema ukweli, lakini anayesainia mwenzake hufukuzwa, na mwandiko ni wangu.

Sasa hivi ametuma ujumbe: "Dada, nishikie zamu yangu kesho asubuhi. Nitachelewa."

Sijamjibu. Ila nimejikuta nikiweka kengele ya simu saa kumi na moja alfajiri.