Mama Niliyepewa na Wairishi

Dada Mwanaisha,

Wazungu wametupa mama mwingine! Wamemchapa kitabuni, picha yake ipo, na chini ya picha wameandika kwamba ndiye aliyenizaa mimi. Ukurasa nimeukunja pembe, utauona. Mama yetu, Bi Mize binti Hamisi, ambaye hivi sasa naamini yuko hapo uani kwako anasuka ukili wake, kwa kitabu hiki hayupo duniani wala hakupata kuwapo.

Sasa nikusalimu. Shikamoo dada yangu. Uhali gani wewe na shemeji? Magoti ya mama yanaendeleaje, yale mafuta niliyotuma yamemfaa? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechubuka. Haya si mambo ya kusema kwenye simu, ndiyo maana nimekaa chini nikaandika, na anayekuletea ni Bakari wa Chumbageni, yule mfanyabiashara wa vitenge anayekuja huku kila mara. Kitabu kimo humo humo kwenye mfuko. Ukisome ukiwa peke yako. Mama asikione mpaka umalize barua hii.

Unajua nilivyokuwa nikimtunza Bi Nora, yule bibi wa Kiirishi wa mtaa wa Observatory, huku kusini. Alifariki mwaka jana mikononi mwangu. Watoto hakuzaa, na jamaa zake waliobaki hapa mjini walikuwa wakija Krismasi, wanakula, wanaondoka. Mimi nilikuwepo miaka kumi na sita. Maandazi yangu hata padri wao alikuwa akifunga safari kuyafuata, na si padri wa kula ovyo yule.

Siku niliyoanza kazi aliniuliza jina. Nikamwambia Mwantumu. Akalijaribu mara mbili, akacheka, akasema, "Kwenye nyumba hii anayeshika jiko huitwa Mary. Ndivyo tangu enzi za mama yangu. Usione vibaya." Sikuona vibaya, dada, kazi nilikuwa naitaka. Aliyenitangulia aliitwa Mary, na aliyemtangulia huyo naye Mary. Ilikuwa kama aproni iliyotundikwa nyuma ya mlango, anayeingia anaivaa.

Kila Alhamisi tulifuta picha za ukutani, yeye kitini, mimi na kitambaa. Ukoo ule naujua kuliko wenyewe. Babu yao alitoka Ayalandi na sanduku moja, akachimba dhahabu mpaka mapafu yakaharibika, ndipo akapata shamba kule karibu na milima ya Magaliesberg. Picha ya shamba hilo ipo: nyumba ya mawe, tangi la maji, wazungu wamepangwa barazani, na pembeni kabisa msichana mweusi amebeba mtoto mchanga. Mtoto ni Bi Nora. Nyuma wameandika kwa penseli, Mary na mtoto. Siku moja Bi Nora akaniambia, sauti chini kama anayeungama, "Jina lake hasa ni Dikeledi. Mama yangu hakuwahi kulijua. Mimi aliniambia mwenyewe nilipokua." Picha ya pili ni ya Observatory, mwanamke mwingine, mnene, kashika sinia. Nyuma: Mary. Huyo jina lake hata Bi Nora hakulijua. Picha ya tatu ni mimi na keki ya miaka themanini ya Bi Nora, niliyoipika bila kupima kitu na ikainuka kama mto wa kulalia. Nyuma: Mary.

Wanawake watatu, dada. Hatufanani hata kwa pua.

Basi baada ya mazishi akaja mpwa wake kutoka Ayalandi, Brijiti, mama wa makamo, mwepesi wa kulia na mwepesi wa kukumbatia. Akasema anatafuta historia ya ukoo wao, picha zote azitie kitabuni na jamaa wote wakutane kwenye magofu ya shamba. Akahitaji mtu wa kuandika maelezo chini ya picha. Nani? Rukia wangu! Mwaka wa tatu chuo kikuu, vidole vikiingia kwenye kompyuta huvioni. Ndipo nilipokupigia nikakwambia utangaze, mwanangu anaandika kitabu na Wazungu wa Ulaya. Ukatangaza mpaka kwenye arusi ya mtoto wa Mwanajuma. Nisamehe, aibu hiyo nilikupikia mimi.

Siku ya kwenda shamba Brijiti akaniweka kiti cha mbele cha gari. Nilivaa gauni la kijani na mtandio wangu mpya, nikajiona. Nikasema leo Mwantumu ameheshimiwa. Tulipofika hakuna nyumba, dada. Kimebaki bomba la moshi limesimama peke yake na tangi limeoza kutu. Wamekuja kama thelathini, na viti vya kukunja na mvinyo na watoto wenye nywele nyekundu. Brijiti akafungua kitabu akasoma. Babu na sanduku lake, wakapiga makofi. Dhahabu, wakapiga makofi. Kisha akasema, "Na sasa Mary wetu," machozi yakamtoka, akanishika mkono.

Akaniongoza mpaka nyuma ya tangi. Pale pana mawe yamepangwa, kaburi lisilo na maandishi. Akanipa maua. Akasema taratibu, kama unavyosema na mgonjwa, "Mama yako amelala hapa. Alimlea Nora, nawe ukamzika Nora. Vizazi viwili, familia moja."

Sikuelewa mara moja. Nikatazama kitabu mkononi mwake: Dikeledi na mtoto, yule mnene na sinia, mimi na keki. Wawili wa kwanza wamefanywa mtu mmoja, mimi wa tatu nimefanywa binti yake. Mary mtoto wa Mary.

Dada, nikasema a'udhu billahi, mama yangu yu hai! Kiingereza changu unakijua, sokoni natamba nacho, kwa daktari natamba nacho, lakini pale kilinikimbia chote. Nikageuka nikamwita Rukia kwa Kiswahili.

"Rukia! Waambie. Mama yangu ni Bi Mize binti Hamisi, yuko Tanga, Pongwe, yu hai, jana kala wali wa nazi."

Rukia Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza, ndivyo walivyo watoto waliozaliwa huku. Akainamisha kichwa. "Mama, please. Baadaye."

"Sasa hivi. Waambie. Huyu aliyelala hapa anaitwa Dikeledi, si Mary. Na yule wa sinia ni mwingine kabisa, na jina lake hakuna kati yao aliyemuuliza. Sema!"

Akasema. Sauti inakatika, akasema neno kwa neno, na Dikeledi akamtaja. Mzee mmoja mwenye kofia akanong'ona, nikamsikia vizuri tu, "Inaleta tofauti gani jamani?" Brijiti akawa mwekundu kuanzia shingoni. Akasema, "Lakini Rukia, mimi nilikuuliza. Nilikuuliza kama huyu ni bibi yako, ukasema ndiyo."

Macho yote yakamgeukia mwanangu.

Hapo, dada, kilichonipata ndani sikukionyesha. Nilisimama mbele yake nikamkinga. Kiingereza nacho kikarudi kidogo. Nikasema, "My daughter is not the problem. Mtoto hana kosa. Ukoo ni wenu, picha ni zenu, miaka yote hiyo mngeuliza." Kisha maua nikamwekea Dikeledi, maana ni yake, hakuna aliyepata kumletea. Nikarudi garini. Safari hii nilikaa kiti cha nyuma.

Lakini tulipofika nyumbani nilifunga mlango, nikamuuliza, "Ulisema ndiyo?"

"Ndiyo."

"Ukijua si kweli?"

"Eish, Mama. Alikuwa anafurahi sana. Hayo alikuwa ameshayaandika mwenyewe, ananikumbatia, ananiita mjukuu wa nyumba. Nikaona niache tu. Ni picha."

"Ni picha? Umemkana bibi yako, mama aliyenibeba mgongoni!"

Ndipo akaniambia neno ambalo mpaka leo linanikata. Hakupaza sauti. Akasema, "Bibi yupi, Mama? Sura yake siijui. Ya Dikeledi naijua, nimekua naye ukutani. Yule ndiye bibi niliyemwona kila siku."

Utampiga mtoto kwa neno la kweli? Ana miaka ishirini na moja na hajakanyaga Tanga. Mwanzo ilikuwa makaratasi yangu. Yalipokaa sawa ikawa Bi Nora hawezi kuachwa hata siku tatu, analia kama mtoto akiniona nafunga begi. Nikawa nasema mwakani, mwakani. Nilimkanda miguu mama wa watu, na mama yetu magoti yake unayakanda wewe. Nilifuta picha za ukoo wa Wairishi kila Alhamisi, na ukutani kwangu sikutundika hata moja ya kwetu. Picha ya mama na sisi wote haipo, dada, au ipo? Mimi sijapata kuiona.

Kuhusu kitabu, Brijiti alisema kimeshachapwa, vingine vimeshatumwa Ayalandi, ila atapachika karatasi ya masahihisho. Mwezi wa tatu huu, karatasi sijaiona. Nyumba imeuzwa. Chumba changu cha nyuma nilipewa siku saba kukiacha, na barua ya kunishukuru iliyoandikwa Dear Mary. Ninaishi Joubert Park na Mama Furaha, msusi wa Kikongo kutoka Bukavu, mtu mwema ila anakoroma. Nilipomsomea hiyo barua na kumsimulia ya kitabu akacheka mpaka kitana kikamwanguka. "Weye Mama Rukia, bazungu njo vile. Balikupa jina, sasa balikupa na mama. Kesho batakupa bwana!" Nikacheka naye, nitafanyaje. Baadaye nililia bafuni.

Nimepata kazi nyingine, napikia shule ya watoto. Siku ya kwanza mwalimu aliniuliza niitwe nani. Nikamwandikia kwenye karatasi kubwa, Mwantumu, nikambandikia jikoni. Watoto wa miaka minne wanalitamka bila shida yoyote.

Na Rukia tulikaa wiki mbili hatusemezani vizuri. Hasira yangu haijaisha, nisikudanganye, na yake haijaisha. Lakini juzi alikuja na tiketi za basi mbili alizokata mwenyewe. Akasema, "Nataka kumwona." Hakusema samahani. Ni mtoto wangu, kiburi kanirithi mimi, nitamlaumu nani.

Tunakuja. Sasa nisikilize kama mdogo wako ninavyokuomba. Tafuta mpiga picha wa kweli, si wa simu. Mama umvalishe kanga mpya, akae katikati, kwenye kiti chenye mgongo. Rukia ataandika majina yetu nyuma, kila mtu jina lake kamili na la mzazi wake, na safari hii mimi nitasimama nyuma yake nikisoma kila herufi.

Nisalimie shemeji, mwambie viatu vyake nimeshanunua. Nisalimie kaka Salimu fundi cherehani, hata kama bado amenuna tangu arusi ile, naye aje. Shangazi Mwanajuma mpika maandazi hodari, baada yangu. Mjomba Kombo mwadhini wa Pongwe, aniombee safari njema. Wajukuu wote wa mama, mpaka wa mgongoni. Mama mbusie mkono wa kulia, na umwambie mwanawe anakuja na mtoto wa kumwonyesha.

Atakayekosa asiniambie gari wala mvua wala shamba. Nawataka wote hapo uani kwako, Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na mbili, saa nne asubuhi.

Mdogo wako,
Mwantumu binti Athumani, mtoto wa Bi Mize